Kikwembe Kimoja, Watu Wawili

Mukandori alikuwa mkulima wa maharagi na muhogo. Alikaa na binti yake Drocella kwenye kilima kilicho juu ya Kirotshe. Asubuhi, ukisimama mlangoni pao, uliona ziwa chini likiwa limefunikwa na ukungu. Drocella alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa mtoto wa pekee aliyebaki. Wawili waliomtangulia walikufa wadogo.

Baba wa nyumba, Nzabandora, hakuwapo. Ulikuwa mwaka wa 1943. Vita vilikuwa mbali sana, lakini vilifika Masisi, wilaya yao, kwa njia nyingine. Wanaume wengi waliandikwa na serikali kwa lazima kwenda Walikale, kwenye misitu ya upande wa Pinga, kukata mpira wa msituni, utomvu wa miti uliohitajika vitani. Nzabandora alikwenda pamoja nao. Miezi minne ilipita bila habari yake.

Vita vilileta shida nyingine tena. Nguo zilikosekana. Mtu alishuka mpaka dukani, akakuta chumvi kidogo na makopo matupu. Vikwembe, zile nguo ambazo wanawake hujifunga kiunoni, havikuwapo. Hata mwenye kuku wawili wa kuuza hakupata cha kununua.

Nyumbani mwa Mukandori kilibaki kikwembe kimoja tu cha kutokea nje. Kilikuwa cha bluu, chenye maua ya manjano. Nzabandora alikileta kabla ya vita. Vingine vyote vilikuwa vimechakaa, vikawa matambara ya kushikia chungu cha moto. Kwa hiyo mama na binti walipeana zamu. Jumapili moja Mukandori alikwenda misa, Drocella akabaki. Jumapili iliyofuata Drocella alikwenda, mama akabaki. Anayebaki alijifunga gunia la zamani na kufanya kazi nyuma ya nyumba. Mgeni akipiga hodi, mwenye gunia aliingia ndani na kunyamaza, kana kwamba nyumba haina mtu.

Hawakumwambia mtu yeyote. Mukandori alimfundisha binti yake kwamba njaa unaweza kumwambia jirani, lakini uchi ni siri ya nyumba.

Siku moja ya soko, Drocella aliamka mapema, akajifunga kikwembe, akashuka Kirotshe na kapu la maharagi. Jua lilipopanda kidogo, mtu alifika mbio kutoka upande wa Bweremana. Alitumwa na Édouard, kaka yake Mukandori. Alisimama nje, akaita. Mukandori alijibu akiwa ndani, bila kutoka. Mtu yule alisema kwamba Mama Verdiane, mama yao, amefariki alfajiri. Watamzika siku hiyohiyo, mchana.

Kutoka kilimani mpaka kwa Édouard ilikuwa mwendo wa saa tatu. Mukandori alimwambia yule mtu atangulie. Kisha akakaa chini, gunia kiunoni, akamngoja Drocella.

Mara kadhaa alisimama, akafika mlangoni. Mara kadhaa akarudi. Alifikiri juu ya wakwe zake wote watakaokuwa pale, na wageni, na katekista, na watu wa kanisa. Aliona macho yao juu ya gunia lake. Kisha mvua ikanyesha. Drocella alizuiliwa na mvua sokoni. Alipofika nyumbani, jua lilikuwa limeanza kushuka. Mama hakumgombeza. Alimfungua mtoto kikwembe mwilini, kikiwa kimelowa, akajifunga, akaondoka bila kula.

Karibu na mto alikutana na watu wanaorudi. Majembe yao yalikuwa na udongo mbichi. Mwanamke mmoja alimshika mkono na kumpa pole, akamwambia kwamba wamemaliza.

Mukandori hakuendelea mbele. Haya ilimzuia miguu. Aliona kwamba akifika sasa, kaka yake atamuuliza, na yeye hana jibu analoweza kulisema mbele ya watu. Alikaa juu ya jiwe kando ya njia, akalia mpaka akachoka. Aliposimama, kikwembe kilichokuwa kimelowa kilishikwa na jiwe. Kikapasuka katikati, nyuma, kutoka juu mpaka chini.

Alirudi nyumbani akikishika kwa mikono miwili.

*

Siku nyingi zilipita. Sasa hakuna aliyekwenda misa. Hakuna aliyekwenda soko. Maharagi yalikaa katika kapu. Mukandori alilima asubuhi sana, kabla ya watu kupita, na alikuwa hasemi sana. Drocella alijua kwamba mama yake anajilaumu, na yeye pia alijilaumu kwa sababu ya mvua.

Kisha ujumbe mwingine ulifika kutoka kwa Édouard. Siku ya arobaini watamaliza kilio cha mama. Jamaa wote watakusanyika. Mjumbe aliongeza maneno ya Édouard kama alivyoyapokea: kama Mukandori ana nafasi, aje, kama hana, watajua kwamba hana watu tena upande huu.

Zilibaki siku kumi na tisa.

Kwenye kilima hichohicho alikaa mama mmoja aliyeitwa Athanasie. Mume wake marehemu alikuwa katekista. Alipokuwa msichana, Athanasie alifundishwa na masera, wale watawa wa misioni, kushona kwa mkono, na kufuma kwa ile sindano yenye kichwa kilichopindika, wanayoiita kroshe. Watu walimjua kwa kazi hiyo. Lakini walifikiri ni kazi ya watu wa misioni tu, ya kupamba meza ya altare.

Athanasie alikuja kwa Mukandori mchana, akapiga hodi. Hakuna aliyejibu. Akakaa chini mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba hataondoka. Mwishowe Mukandori akamfungulia, gunia mwilini.

"Mama Drocella," Athanasie alisema, "miye niliona tangu zamani. Jumapili moja unakuya weye, Jumapili ingine anakuya mutoto. Kikwembe njo ile ile."

"Kama uliona, juu ya nini haukusema?"

"Nilifikiri nikisema nitakupatisha haya. Ile njo kosa yangu. Kama ningesema, ungefika ku maziko ya mama yako."

Mukandori aligeuka. Aliingia ndani, akatoa kikwembe, akakiweka mapajani mwa mgeni. Drocella akasogea, wote watatu wakakitazama. Athanasie alikiinua kwenye mwanga wa mlango. Katikati, mahali pa kukalia, uzi ulikuwa umebaki mwembamba, na jua lilipita kama linavyopita katika chujio. Pale ndipo kilipopasuka. Mukandori alikuwa amejaribu kukikaza kwa nyuzi za mgomba, lakini kilizidi kuchanika kandokando ya mishono.

Athanasie alisema kwamba hapo hakuna kitu cha kushika uzi. Kushona mahali palipokufa ni kupasua tena. Lazima kikatwe.

"Kukata?" Mukandori aliuliza. "Iko moja tu."

"Nguo haizeekake yote mara moja. Angalia. Fasi unakalia njo ilikufa. Lakini hizi pembe mbili zinapandanaka hapa mbele, hakuna kitu inazigusaka. Ziko na nguvu kama siku bwana yako alileta. Tutapasua hapa katikati. Pembe zitaenda nyuma, nyuma itakuya mbele."

"Na kama inaharibika?"

"Ilishaharibika, mama."

Hata hivyo Mukandori hakukubali siku ile. Kikwembe kile kilikuwa kitu cha mwisho alichopewa na mume wake, na hakujua kama mume atarudi. Alikilalia usiku. Asubuhi alikichukua mwenyewe, akaenda nacho kwa Athanasie kwa njia ya nyuma, kupitia migomba, akasema tu, "Kata."

Athanasie hakukata mara moja. Alisema nguo chafu haikatwi, kwa sababu jasho na udongo hula uzi. Walikifua, wakakianika, wakakinyoosha kwa viganja. Kisha Athanasie akachukua wembe. Alikipasua katikati pale palipochanika, akakata na kutupa ukanda wote uliokwisha nguvu, upana wa vidole vinne kila upande. Vikabaki vipande viwili. Mukandori aligeuza uso.

Athanasie aliviweka vipande chini, akavizungusha. Zile pembe zilizokuwa nje zikakutana katikati. Maua ya manjano hayakuungana vizuri, lakini nguo ilikuwa nzito na nzima pale inapotakiwa kuwa nzima. Mukandori alipapasa kwa kidole. Akapapasa tena. Kisha akaomba sindano.

*

Kikwembe kilichotengenezwa bado kilikuwa kimoja, na watu walikuwa wawili. Athanasie alilifikiria hilo pia. Alikuwa na mifuko miwili ya pamba iliyowahi kuwa na unga wa ngano. Alipewa misioni, akaiweka miaka miwili bila kuitumia. Alimwita Drocella na kumwambia kwamba hiyo itakuwa robe yake, yaani gauni, kama ataishona mwenyewe.

Mifuko ilikuwa na maandishi makubwa, mekundu na ya bluu. Drocella hakutaka kutembea na maandishi ya unga mgongoni. Athanasie alimwonyesha kuiloweka katika maji ya majivu ya maganda ya ndizi, kisha kuianika juu ya majani, jua na umande, siku tano. Maandishi yalififia. Herufi chache zilibaki, na walipanga zikae upande wa ndani, kwenye pindo.

Kabla ya hapo, mifuko ilifunguliwa. Mukandori alitaka kukata mshono kwa wembe. Athanasie alimzuia. Alitafuta ncha moja ya uzi, ya upande wa kuume, akaivuta taratibu. Mshono wote ukafunguka wenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho, na uzi mrefu ukabaki mkononi. Drocella alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu bibi yake afe.

"Ukianzia upande mubaya, inajifunga," Athanasie alisema. "Ukianzia upande muzuri, inakupatia uzi ya bure."

Uzi ule ulikuwa mnene, wa nyuzi nyingi zilizosokotwa. Waliufungua, wakapata nyuzi nyembamba, wakazipitisha juu ya nta ya nyuki ili zisikatike. Uzi mnene mwingine waliuweka kwa kazi ya kroshe.

Sindano ilikuwa moja kwa wote. Asubuhi alishona Drocella. Jioni, akitoka shambani, alishona Mukandori. Alikuwa na haraka. Kila siku alihesabu siku zilizobaki. Mishono yake ilikuwa mirefu na iliyoachana kama meno ya mzee, huku moja, kule moja. Kwa siku tatu akamaliza kuunganisha kikwembe chote, akajifunga, akaenda kuteka maji. Alipoinama kwenye kisima, akasikia mshono ukiachia. Alirudi na mtungi kichwani na mkono mmoja nyuma.

Athanasie alitazama kazi, akamwambia afumue yote.

"Siku zimebaki kumi na moja," Mukandori alisema.

"Ao unafumua leo, ao inafumuka yenyewe mbele ya ndugu zako."

Mukandori alikasirika. Alikunja kikwembe, akarudi kwake bila kuaga. Siku mbili hakukigusa. Alisema moyoni kwamba Mungu mwenyewe hataki afike kwa mama yake, siku ya kwanza wala siku ya mwisho.

Siku ya tatu alirudi kutoka shambani, akamkuta Drocella amekaa nyuma ya nyumba. Mtoto alikuwa ameweka robe yake kando. Alikuwa akifumua mishono ya mama yake, mmojammoja, kwa mwiba, bila kukata kitambaa. Nusu ilikuwa imekwisha. Mukandori aliichukua ile robe na kuitazama. Mishono ya mtoto ilikuwa midogo kama punje za mtama, imekaa kwa mstari mmoja. Kila mshono ulikwenda mbele, ukarudi nyuma nusu, ukaenda mbele tena, kama Athanasie alivyofundisha. Alivuta kwa nguvu. Haukuachia.

Akakaa chini karibu na binti yake. Akamwomba amwonyeshe.

Ndivyo mama alivyofundishwa na mtoto. Safari hii hakuhesabu siku. Alihesabu mishono. Mbele, nyuma nusu, mbele tena. Mwanzoni vidole vilikuwa vigumu, kwa sababu vilizoea jembe. Kisha vikalainika. Alianza kuona kwamba mkono una akili yake, na kwamba ukishika mwendo, kichwa kinatulia. Alimkumbuka mama yake bila kukimbia mbali na kumbukumbu hiyo. Alikumbuka jinsi Verdiane alivyokuwa akisuka vikapu, akivuta kila unyuzi kwa meno. Machozi yalimtoka, lakini mkono haukusimama. Tangu siku ile ya mtoni, hakuwa amekaa mahali pamoja muda mrefu bila kujilaumu.

Alipofika mwisho wa mshono, alipiga fundo, akakata uzi, akapitisha kiganja juu ya kazi. Aliona furaha, na akashangaa kuiona ndani yake wakati wa kilio. Alimuuliza Athanasie kama ni dhambi. Athanasie alijibu kwamba yeye alianza kufuma vitambaa vya altare mwaka mume wake alipokufa, na kwamba mikono hiyo ndiyo iliyomrudisha kula.

Drocella naye alichonga kipande cha mwanzi, akakichongea ndoana ndogo kichwani kwa kisu, akakisugua juu ya jiwe mpaka kikawa laini. Hiyo ikawa kroshe yake. Kwa uzi mnene wa mifuko alifuma kola: kitanzi, kisha kitanzi kingine kinachotolewa ndani ya kile cha kwanza, hivyohivyo mpaka kuzunguka shingo. Alikosea mara nyingi, akafumua mara nyingi. Hakuhuzunika kufumua. Alisema uzi haupotei.

*

Siku ya arobaini waliondoka wawili pamoja, alfajiri. Athanasie alimwazima Mukandori ile sindano moja, imefungwa katika kitambaa na uzi kidogo, kama mshono utaachia njiani. Haukuachia.

Nyumbani mwa Édouard watu walikuwa wengi. Mukandori alisalimia wazee, akakaa upande wa wanawake, Drocella karibu naye. Édouard alikuja akasimama mbele yao. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hakumpa mkono.

"Dada yangu," alisema, "mama aliita jina yako mara tatu. Siku tulimuzika, ulikuwa wapi?"

 Mukandori angeweza kusema alikuwa mgonjwa. Neno hilo lilimfika mdomoni. Lakini aliona Drocella anamtazama.

"Nilikuwa ku njia. Nilifika ku muto, nikakutana na watu wenye walitoka ku kaburi."

"Juu ya nini haukufika?"

"Kikwembe yetu ilikuwa moja, na mutoto alienda nayo ku soko. Miye nilikuwa na gunia. Nilipata haya kukuya kuaga mama yangu na gunia. Sasa najua, ningekuya na ile gunia."

Hakuna aliyecheka. Wanawake wengi pale walitazama chini, kila mmoja kwenye magoti yake.  Kisha Édouard akainama karibu na dada yake, akasema kwa sauti ndogo, ili asikie yeye tu:

"Dancille iko mu jikoni tangu asubuhi. Tuliambia watu ni mugonjwa."

Dancille alikuwa mke wake. Mukandori aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia jikoni. Alimkuta amekaa gizani karibu na moshi, ngozi ya mbuzi mapajani, na vikwembe viwili vilivyochanika vimekunjwa kando. Dancille alitaka kugeuka ukutani. Mukandori alikaa karibu naye, akaomba kuviona. Alivipeleka kwenye mwanga wa mlango, akavitazama kama alivyoona Athanasie akitazama. Alimwambia kwamba kimoja kimekufa katikati, na kingine kimekufa pembeni. Kwa hiyo wana nguo moja nzima, iko vipande viwili.

Aliomba wembe. Dancille aliuliza kama kweli atakata. Mukandori alimwambia maneno yale aliyoambiwa yeye, kwamba nguo haizeeki yote mara moja.  Drocella, aliyemfuata mama yake jikoni, alitia uzi katika sindano, kwa sababu macho yake yalikuwa mazuri gizani, na walishona kwa zamu, mishono midogo, bila haraka. Nje watu waliimba. Édouard alikuja mara mbili mlangoni. Mara ya pili alimwambia katekista kwamba sala ingoje kidogo, mke wake anakuja.

Jua lilipokuwa bado juu ya ziwa, Dancille alitoka. Rangi mbili zilikutana nyuma ya kikwembe chake, nyekundu na kahawia, na kila mtu aliona kwamba kimeungwa. Alitembea polepole mpaka kaburini. Édouard alimfanyia nafasi. Kisha akamshika dada yake mkono, akamsogeza mbele, mahali ambapo angesimama siku ile ya kwanza. Mukandori aliweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa umeshakauka, na majani madogo yalikuwa yameanza kuota.

Mazishi ya mama yake hayakurudi. Jambo hilo alilibeba maisha yake yote, na hakumficha mtu. Aliwaambia wanawake waziwazi: mimi nilingoja mpaka nguo ikapasuka, ninyi msingoje. Shona tundu likiwa kama punje ya haragi. Geuza nguo kabla katikati haijafa. Na jirani yako akikosa kuonekana Jumapili, nenda ukapige hodi.

Wanawake sita walianza kukutana kwa Athanasie kila Alhamisi mchana, kisha wakawa kumi na wanne. Nzabandora alirudi kutoka Walikale mwaka wa 1945, amekonda, suruali yake imechanika ikawa kama kamba. Mke wake alimpima, akamshonea nyingine kwa mfuko wa pamba. Alipoivaa, alitafuta mshono kwa vidole, hakuupata, akauliza ni fundi gani aliyeifanya.

Vita viliisha. Baada ya miaka michache vikwembe vilijaa tena madukani, vya kila rangi. Nzabandora alileta viwili vipya, kimoja cha mke wake, kimoja cha Drocella, ambaye sasa alikuwa amechumbiwa. Aliona mke wake anajiandaa kwenda kwa Athanasie kama kawaida, kapu la nyuzi mkononi. Akamwambia kwamba sasa nguo ziko, anaweza kupumzika.

Mukandori alimjibu akiwa ameshafika mlangoni.

"Zamani nilishona juu nilikosa nguo," alisema. "Leo nashona juu napenda."